Baba wa Watoto Wanne

Simone Alfani alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na sita, na karibu nusu ya miaka hiyo aliimalizia katika chumba cha nyuma cha ofisi ya ardhi mjini Kisangani, kati ya makabati ya chuma yasiyofunga, akitunza karatasi za viwanja. Wenzake walisema amekaa na wafu mpaka ananuka karatasi. Yeye alicheka. Wafu wa karatasi, alisema, hawana kelele. Kelele ni za walio hai, wale ndugu wawili wanaoingia asubuhi wakigombania kiwanja cha babu na kutaka jibu kabla ya saa sita.

Mgeni akishakaa, Simone alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la kitenge, akauliza swali lake moja:

"Jirani yake alikuwa nani?"

Hakuanza na jina la babu. Majina ya huku ni ya kuazima. Mtu alibatizwa Célestin, serikali ya miaka ya sabini ikamvua Célestin ikamvika jina la mababu, kisha nyakati zikageuka naye akamrudia Célestin wake. Na mtoto wake ana jina jingine kabisa, kwa kuwa huku mtoto hupewa jina la yeyote anayestahili kukumbukwa. Ukifuata jina utalala porini. Jirani, lakini, ameandikwa pamoja na mpaka, na mpaka hauna miguu. Ukikosa jirani, fuata kodi. Padri anaweza kumsahau mtu, hata ukoo wake unaweza; mkusanya kodi wa Wabelgiji hakumsahau mwanamume mwenye miguu miwili. Kwa njia hiyo Simone alikuwa ameshawapatia watu wa mji huu mababu wengi kuliko mapadri walivyowapatia watakatifu.

Babu wa kwake mwenyewe hakuwahi kumtafuta. Hakukuwa na haja, maana habari zake zilijulikana.

Aliitwa Lokangu, mtu wa mto kutoka upande wa Yanonge, mpakuzi wa mizigo bandarini wakati mji ulipokuwa bado unaitwa Stanleyville. Mama yake Simone, Florentine, alipokuwa na miaka saba au nane hivi, Lokangu alimwacha mkewe Jemima na watoto watatu akafuata mwanamke wa Banalia. Bibi Jemima aliisema habari hiyo mpaka anazeeka, sokoni, kanisani, kwa yeyote aliyeuliza, na hakutoa chozi. "Alifuata mwanamuke wa Banalia. Alafu?" Florentine naye alimchukia baba yake kwa miaka sabini, chuki safi, iliyofuliwa na kupigwa pasi.

Mvua zilipoanza mwaka jana, Florentine, sasa mzee wa miaka themanini, alianza kumwona.

Hakumwona usiku, kama watu wanavyopenda kusimulia. Alimwona saa tisa alasiri, jua likiwa kali, yeye amekaa sebuleni na sinia la pondu magotini akichambua majani hayo ya muhogo. Mwanamume husimama mlangoni. Suruali yake imelowa mpaka magotini. Hasemi neno. Anaangalia chini ya meza, anaangalia nyuma ya kabati, kama mtu aliyesahau kitu, kisha mlango unabaki mtupu. Majirani walisema malaria. Muuguzi akasema umri. Florentine akasema ni papa yake, baba yake aliyewaacha, na kwamba hana aibu.

"Simone," alisema siku moja, "unatafutiaka watu yote papa yao. Miye yangu, nani atanitafutia?"

"Mama, unataka umupate ufanye naye nini?"

"Nataka kujua walimuzika fasi gani, na watoto ya ule mwanamuke iko wapi. Mufu akisumbua, mutoto wake anaenda pa kaburi, anamuambia aache. Miye sitaenda. Si alichagua wale? Bon, wale ndio wamuambie aniache."

Ndiyo desturi, na Simone hakuwa na la kuipinga. Mama yake alikuwa anapungua. Sahani ilirudi jikoni imeguswa pembeni tu, na saa tisa ikikaribia vidole vyake vilianza kutetemeka. Simone alimpenda mama yake kuliko alivyojua kusema, na jambo alilohofia kuliko yote ni kwamba atakufa hivi, akiwa ameukazia macho mlango.

Basi akachukua ruhusa, akapanda pikipiki, akapita Bengamisa na kufika Banalia mgongo ukiwa umekufa ganzi. Siku mbili alifunua madaftari ya kodi ya miaka ya hamsini, yale ambayo mchwa waliyaonea huruma. Hakumwona Lokangu. Alimtafuta kwa jina, kwa kijiji alikotoka, kwa wageni waliohamia, hakuna. Mwanamume aliyekula na kulala Banalia miaka yote hiyo bila kutozwa kodi! Simone alirudi akiwa na wazo baya kichwani: labda hakufika kabisa.

Akaanza upya, Kisangani, na madaftari ya kodi ya mji yaliyotupwa ofisini kwake mwaka ule paa la jengo la zamani lilipoanguka. Mwaka 1949 Lokangu amelipa. Mwaka 1950 amelipa. Mwaka 1951 hayumo. Florentine alizaliwa 1944, miaka saba. Hadithi ya bibi ikakaa sawasawa kwenye karatasi, na mtu mwingine angefunga daftari akaenda zake kula.

Lakini Simone alijua kitu ambacho wengi hawakijui. Kulikuwa na daftari la pili, jembamba, la watu waliosamehewa. Zamani hizo mwanamume mwenye mke mmoja na watoto wanne walio hai hakulipa kodi. Aliondolewa kwa walipaji akaandikwa huko. Baba wa watoto wanne. Akalifungua bila tumaini. Mwaka 1951, mstari wa tisa: Lokangu, mke Jemima, watoto Florentine, Alphonse, Naomie, Bonheur.

Mjomba Alphonse alimjua, mama mdogo Naomie alimjua. Wote wawili aliwazika. Bonheur hakuwahi kumsikia. Miaka hamsini na sita katika ukoo huu, sherehe, misiba, magomvi ya Krismasi, na hakuna mdomo uliowahi kulitaja jina hilo.

Kwa hiyo 1951 Lokangu hakuwa ametoroka. Alikuwa nyumbani, na mtoto wa nne alikuwa amezaliwa. Mwaka 1952, bado wanne. Mwaka 1953 karani amempigia Bonheur mstari mwekundu, na baba amerudishwa kwa walipaji. Pembeni pameandikwa kwamba amepewa ruhusa ya kutoka mjini kwenda Yanonge, maana wakati ule mtu hakutoka bila karatasi, na karatasi ilidai sababu. Karani aliandika kwa Kifaransa, kwa mkono mzuri: anamtafuta mtoto wake.

Simone aliisoma mara tatu. Kisha akatoka nje kusimama juani.

Kuanzia hapo babu yake alikuwa wazi kama njia ya sokoni. Yanonge, 1954, amelipa. Baada ya hapo hayumo tena, na Simone akajua aangalie wapi, kwa sababu mto unakwenda upande mmoja tu. Akapanda pirogi ya motere, mtumbwi wa injini, akashuka na mto mpaka Isangi. Chumba cha karatasi huko kilitunzwa na mzee mmoja, Papa Osée, aliyezaliwa hapohapo na aliyefungua kabati kwa kulipiga teke.

Lokangu alikuwemo. 1955, 1956, 1957, 1958, 1959. Kila mwaka amelipa, kwa kuwa sheria ilimhesabia watoto watatu. Na kila mwaka alipoulizwa idadi ya watoto alijibu wanne, akawataja wote kwa majina, Florentine akiwa wa kwanza. Karani wa Isangi, sijui kwa huruma au kwa kuchoka kubishana, aliandika: wanne, mmoja anatafutwa.

"Huyu namukumbuka," alisema Papa Osée juu ya bega lake. "Nilikuwa mutoto. Asubuhi yote anashuka pa bivuko, anaingia majini mpaka magoti, anaangalia chini ya pirogi za watu. Hasemi kitu mingi. Anauliza tu kama hawakuona."

"Hawakuona nini, papa?"

"Mutoto mudogo. Shati ya bulu."

Simone hakuwa amemwambia mtu yeyote Isangi habari ya suruali iliyolowa.

"Alifia hapa?"

"Hapana. Independansi ilikuya, akashuka tena na mto. Basoko, ao mbele. Hatukumuona tena."

Daftari la 1960 halikuwepo. Karatasi iliishia hapo, mtu hakuishia.

Sasa mniambie, ingekuwa ni mimi au wewe, tungefanya nini? Pengine tungekaa kwanza na shangazi fulani, tuulize pembeni. Kuuliza si ujinga. Lakini watu wa karatasi wana ugonjwa wao: wanaamini kila kilichofichwa kinalia kitolewe. Simone alirudi Kisangani na furaha kifuani, furaha kabisa. Alikuwa amempatia mama yake baba! Hapakuwa na mwanamke wa Banalia, wala watoto wa nje, wala aibu. Alikuwa amebeba picha za kurasa kwenye simu yake, na kutoka bandarini hadi nyumbani alikuwa karibu kukimbia.

Florentine alikuwa na sinia lake la pondu.

"Mama, hakufuata mwanamuke. Hapakuwa mwanamuke! Alikuwa Isangi, peke yake. Alikuwa anatafuta mutoto, Bonheur. Tazama, kila mwaka anasema watoto ni wane, na jina yako ndio ya kwanza."

Akasoma. Vidole vya Florentine viliacha majani.

"Soma tena."

Akasoma tena.

"Ya mwisho iko mwaka gani?"

"Hamsini na tisa."

Florentine akahesabu kwenye vidole, polepole. "Miaka saba," alisema. "Miaka saba alikuwa anamutafuta."

Simone alisubiri machozi ya furaha. Hayakuja. Mama yake alikuwa amegeuka rangi, na sauti iliyotoka haikuwa ya mzee wa themanini.

"Siku ile mama alikuwa anasafisha nguo pa mto. Aliniambia, shika Bonheur. Nilimushika. Kisha papai ikapita juu ya maji, kubwa, imeiva. Nikamuachilia mukono." Akaufungua mkono wake juu ya sinia. "Mukono moja tu, nikamate papai."

"Mama…"

"Siku ya tatu mama akaniambia papa amemupata ng'ambo, amemuzika kule Lubunga. Alinivusha na pirogi, akanionyesha kaburi. Kadogo, na kamuti juu. Akasema, ona, mutoto analala, weye hukufanya kitu. Kisha akasema papa amefuata mwanamuke, na tusitaje tena jina ya mutoto, tumuache alale."

Hapo Simone akaelewa, na aliposhaelewa alitamani angekuwa kipofu. Siri ya mtungi aijuaye kata, na bibi Jemima alikufa na ya kwake. Alikubali kuitwa mke aliyeachwa. Aliwavumilia wanawake wa sokoni waliomcheka miaka arobaini, akarudia uongo uleule kwa uso mkavu, ili msichana wa miaka minane asijue kwamba baba yake yuko majini anatafuta kilichoponyoka mkononi mwake. Alimpa mtoto baba mbaya wa kumchukia, kwa sababu baba mbaya hubebeka. Na yeye Simone, na miwani yake na werevu wake, alikuwa ameubomoa ukuta huo kwa robo saa, tena anatabasamu.

"Nisamehe, mama," alisema. "Sikujua. Nisamehe."

Florentine hakumsikia. Kila Novemba, tangu Simone anajua kutembea, walivuka mto na jembe kwenda kulima majani kwenye kaburi dogo la Lubunga. Simone alizoea kubeba jembe. Aliambiwa kaburi ni la mtoto wa jamaa, naye hakuwahi kuuliza.

"Donc ile kaburi," alisema Florentine. "Miaka yote nalimaka. Iko ya nani?"

Mwanamke aliyewajibu watu wa mji mzima nani ni mwenye kiwanja gani alivua miwani, akaipangusa. Kisha akasema, kwa mazoea tu, kwamba labda kuna daftari la makaburi, angeweza kuangalia.

"Hapana! Usitafute. Kama huyo mwenye kaburi iko na ndugu zake, waliambiwaka kitu ya kulala nayo. Usiwapelekee karatasi."

Simone alilia basi, alilia wazi kama mtoto, kichwa chake kwenye magoti ya mama yake, karibu na majani. Alipopata sauti alishika neno la mwisho lililobaki la kumfaa mtu.

"Twende Isangi, mama. Kaburi hatutaipata, lakini mto iko. Weye ndiye mutoto wake wa kwanza. Simama pa bivuko, umuambie imetosha, apumuzike."

Ilikuwa saa tisa. Florentine aliuangalia mlango muda mrefu, na safari hii mikono yake haikutetemeka.

"Apumuzike namna gani?" alisema. "Bado hajamupata."