Mukeifu

Tulikuwa watu wachache tunaoandika ensaiklopidia ya Kiswahili mtandaoni kwa kujitolea, na kazi ya mwezi ule ilikuwa kuchagua mada za ufundi na sayansi zisizoweza kukosekana. Nafasi zilikuwa chache, kwa hiyo tulizigombania kwenye simu. Mimi niligombana nikiwa garini, hapa Al-Safa, Jeddah, nikimsubiri madam ninayemwendesha atoke saluni.

Daraja, chuma na cherehani zilipita bila kelele. Nikaandika: "Na mukeifu je? Huku bila mukeifu mtu anaiva."

Mkubwa wetu, mwalimu mstaafu wa Machakos, akauliza mukeifu ni mnyama gani. Nikampandishia hasira. Najua watu husema esi, lakini hicho ni Kiingereza. Neno mukeifu nalisikia kila siku tangu nipate ikama, kibali cha kuishi huku, na kwa jinsi linavyofanana na maneno yetu mengi yaliyotoka Uarabuni, ningeapa ni Kiswahili sanifu. Nikamwambia mwalimu mzima anatutia aibu.

Akaniuliza taratibu kama ni ile mashine ya kupoza hewa. Nikasema ndiyo hiyo.

"Basi ndugu yangu, hicho ni kiyoyozi. Kilikuwa kwenye orodha hadi Jumanne, ukakifuta wewe mwenyewe. Sababu uliandika: magonjwa ya mifugo yametosha, kiyoyozi cha nini tena."

Madam akatoka saluni, akaketi nyuma, akaniambia niongeze mukeifu.

Nikaongeza kiyoyozi.