Kidonge cha Maji na Kilio cha Mjomba

Mama alianza kulala ameketi. Alirundika mito mgongoni, akasema akilala chali anahisi kama mtu amemkalia kifuani. Miguu nayo ilivimba. Akivua viatu jioni, mikanda ilikuwa imechimba mitaro kwenye ngozi. Jirani yake wa mtaa wa Bwiza, anayeuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye meza ya pili kutoka ya mama sokoni, alimtania:

"Mama mukubwa, we unanenepa kuanzia chini! Watoto wanakulisha nini?"

Mama alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. Wengine hawakucheka. Walinong'ona kwamba amepewa sumu, atafutiwe mtu wa kumtapisha. Mimi nilimpeleka hospitali.

Daktari alibonyeza kidole gumba juu ya muundi wake, akakiondoa. Shimo likabaki pale pale. Akamsikiliza kifua, akamtazama moyo kwa mashine, akasema umechoka. Nimeeleza jambo hili kwa watu wengi tangu siku ile, na sioni shida kulirudia: moyo uliochoka si moyo uliosimama. Unasukuma damu kwa unyonge, maji yanabaki nyuma, mengine yanashuka miguuni, mengine yanajaa kwenye mapafu. Ndiyo maana mgonjwa anakosa pumzi akilala. Mama alipewa dawa za kuusaidia moyo, pamoja na kidonge cha asubuhi cha kutoa maji kwa njia ya mkojo. Apunguze chumvi. Ajipime uzito kila asubuhi kabla ya chai, na ukipanda ghafla asidhani ni mafuta. Ni maji, arudi upesi.

Alitii, na baada ya muda si mrefu alikuwa anakwenda sokoni bila kusimama njiani. Ugonjwa huu unatibika hivyo, mtu akishikilia dawa.

Kisha ikakaribia siku ya kumaliza kilio cha kaka yake aliyefariki, tunayoiita kugandura, huko mtaa wa Kinama. Katika ukoo wetu dada wa marehemu hukaa mbele, uso kwa uso na wageni, na hotuba zikianza hainuki. Akiinuka, watu watasema ana kinyongo na yanayosemwa. Mama alijua kidonge kinavyomkimbiza chooni. Basi akakiacha, na si siku ile tu. Alikuwa amekiacha tangu vikao vya maandalizi, kwa sababu kila kikao kilikuwa na wazee.

Chini ya hema, hotuba zikiendelea, nilimwona anapumua kwa mdomo, mabega yakipanda na kushuka. Nikainama sikioni mwake.

"Mama, kidonge ulimeza?"

"Nyamaza. Mzee anasema."

"Ulimeza?"

"Apana. Mi nitaamuka mara ngapi mbele ya watu, mutoto wangu? Acha kwanza wamalize."

Hawakumaliza. Mama alishindwa kutamka neno, midomo ikageuka rangi, tukambeba na kiti chake tukimpitisha katikati ya wageni wote. Hospitali walimpa oksijeni na kumchoma dawa ya kutoa maji. Alipona, ila daktari alitueleza kwamba kila anguko la namna hii linaondoka na sehemu ya nguvu ya moyo, na si yote inayorudi. Sokoni hakwenda tena. Kutoka kitandani hadi uani ilikuwa safari.

Miezi ilipita, binti wa marehemu akawa analetewa mahari. Shangazi, yaani mama, ndiye wa kumtoa mbele ya wakwe. Asubuhi ile mama alikuwa amekwisha kuvaa, kidonge kiko kiganjani.

"Kimeze, twende wote," nilimwambia. "Tutakaa karibu na mlango. Ukitaka kutoka, nakushika mkono tunatoka."

"Mlangoni wanakaa majirani. Mi ni shangazi."

"Basi nitawaeleza kwamba ni dawa."

"Utasimama mbele ya wakwe kuwaeleza mukojo wangu?" Alicheka kidogo, peke yake.

Alikimeza. Kisha akafungua vazi lake, akalikunja taratibu, akapumzika kila mkunjo.

"Nenda we. Uwaambie shangazi ni mugonjwa."

Lilikuwa neno alilokataa kulisema muda wote ule. Nilimwambia amefanya vyema, na ni kweli alifanya vyema. Alikuwa amegeukia ukuta, na simu mezani ilikuwa inalia, bila shaka ni ndugu wanaotaka kuuliza kama wamwekee kiti.