Kushuka Kilimani Bila Kugeuka Nyuma

Ukimuulizia Jocelyne pale Diepsloot, kitongoji cha Johannesburg, watakuuliza kwanza: Jocelyne yupi, wa cherehani au wa moto? Ni mmoja huyohuyo. Cherehani yake iko kwenye kibanda cha mabati, ubavuni mwa spaza, kiduka cha mtaani cha Bakiri, na ukutani, juu ya vitenge vya wateja, imetundikwa ovaroli ya njano pamoja na kofia ngumu. Mteja mgeni akiviona hudhani mume wa fundi anafanya kazi migodini.

"Hapana, baba," Jocelyne humjibu, sindano ikiwa kwenye pembe ya mdomo. "Ni vyangu hivyo. Inua mkono nikupime."

Ni mtu wa Moba, kando ya Ziwa Tanganyika, upande wa Kongo. Mumewe analinda maghala kule Rustenburg na huja nyumbani akipata likizo. Binti yao, Héritière, ukimsemesha Kiswahili atakujibu Kizulu, na mtaelewana tu. Ndiyo maana watu wengi, hasa Wakenya na Watanzania, humwita fundi huyu Mama Héritière.

Sasa, aliingiaje kwenye mambo ya moto? Sikiliza. Huku Johannesburg mvua ikikatika mwezi wa tano, usiitegemee tena mpaka joto lirudi. Nyasi zinakauka hadi zinalia chini ya kiatu. Ukifika mwezi wa nane upepo unaanza, na hapo cheche moja ya jiko inatosha. Nyuma ya Diepsloot kuna mashamba madogo ya watu wanaofuga farasi na kuotesha maua, na kati ya mashamba hayo na vibanda vyetu ni nyasi tupu. Gari la zimamoto la jiji lina safari ndefu kufika huko. Basi majirani waliunda kikosi chao cha kujitolea: wenye mashamba, watunza farasi, walinzi wa mageti, na Mkenya mmoja mhasibu wa benki, Moffat, aliyefunga tangi la maji na mpira mrefu nyuma ya pikapu yake.

Mwaka 2015 Moffat alimletea Jocelyne furushi la ovaroli zilizochanika.

"Uzi wa pamba tu, mama, tafadhali," alisema. "Si nailoni. Nailoni ikipata joto inayeyukia kwenye ngozi." Akakunja mkono wa shati amwonyeshe kovu.

Jocelyne akalitazama lile kovu, akafumua kila mshono na kuanza upya. Jumamosi akazipeleka mwenyewe ili aone kama zinawakaa watu vizuri. Akawakuta wanafanya mazoezi. Mtu mmoja akampa mpini mrefu wenye kipande cha raba mbele, kifaa cha kuulia moto wa nyasi, akamwambia ajaribu. Alikwenda kupeleka nguo, akarudi na malengelenge viganjani, na Jumamosi iliyofuata akaenda tena.

Ilipofika mwaka 2018 yeye ndiye aliyekuwa anaongoza mstari wa raba. Ana maneno machache na huyarudia bila kuchoka. Usiupige moto kama unaua nyoka, utarusha cheche. Ukandamize, uunyime hewa. Soksi za nailoni zibaki nyumbani. Na kubwa kuliko yote: mguu mmoja kwenye weusi. Weusi ni mahali palipokwisha kuungua. Mgeni wa kazi hii hukimbilia kwenye nyasi ambazo moto haujafika, na huko ndiko moto unakokwenda. Mwenye kazi yake husogea kwenye majivu, kwa sababu hapo hapana tena cha kuungua.

Kazi ilimkubali. Aliyekuwa hajamkubali bado ni mama mkwe wake.

Mama Hélène alikuja kutoka Moba kuishi nao, mwanamke wa kitenge safi na kilemba kilichonyooka, na siku ya kwanza alipoiona ile ovaroli mwilini mwa mkwewe alikaa chini.

"Mke wa mwanangu na suruali," alisema. "Na sufuria kichwani."

"Mama, kitenge kinashika moto."

"Basi ukae mbali na moto."

Jocelyne akaivaa kofia yake, akatoka.

Halafu ikaja ile Jumapili ya mwezi wa nane. Kanisa lao, la Wakongo na Warundi wachache, lilikuwa kwenye mfungo, na mfungo wao humalizikia kilimani. Ni kilima cha mawe, si kirefu, kiko katikati ya zile nyasi. Desturi yao ndiyo hii: kila mtu huandika haja yake kwenye karatasi, kibali cha kukaa nchini, kazi, mume, mtoto, chochote kinachomlemea. Wakifika chini ya kilima karatasi zote zinatiwa kwenye kopo la mafuta ya kupikia na kuchomwa. Kisha wanapanda, wanapiga magoti juu wakitazama mashariki, wala hakuna anayegeuka kutazama nyuma mpaka mchungaji atamke amina ya mwisho. Anayegeuka ameuchukua tena mzigo wake.

Jocelyne hakwenda nao. Alikuwa zamu.

"Unaacha maombi unaenda kuwazimia wazungu nyasi yao," Mama Hélène alimwambia asubuhi akijifunga kilemba.

"Moto ukianzia kule unaishia kwetu, mama. Niombee na mimi."

"Nitakuombea uache."

Upepo uliamka baada ya saa sita mchana, ukitoka magharibi. Muda si mrefu moshi ukaonekana. Moffat alimpitia Jocelyne barabarani, huku Tabia wa mazizi ya farasi, Mtanzania mwenye mikono ya kunyanyua marobota, akiwa tayari amekaa nyuma na tangi. Walipokata kona ya mikaratusi Jocelyne aliona kwanza kile kilima, halafu moto chini yake, halafu kopo la mafuta limelala ubavu kwenye majivu. Upepo ulikuwa umeziinua karatasi zikiwa bado zinawaka.

"Watu wangu wako juu," alisema.

"Si wameona moshi?" Moffat aliuliza. "Watakuwa washateremkia upande ule mwingine."

"Hawajaona. Hawageuki nyuma."

"Hata kwa hili?"

"Moffat, hata kiatu changu kilifunguka mwaka jana, sikugeuka."

Moto wa nyasi ukipanda mlima hukimbia kuliko ukiwa tambarare, na huu ulishaanza kupanda. Moffat akashika filimbi ya kikosi akapuliza mara tatu, ndefu, ishara ya kila mtu kuondoka. Kutoka juu wakajibiwa kwa vigelegele. Akapuliza tena. Vigelegele vikazidi, na mtu akaongeza vuvuzela.

"Acha, acha!" Jocelyne alimkamata mkono. "Kwetu filimbi ni ya shangwe. Wanadhani kuna aliyejibiwa."

"Eish," Tabia alisema. "Basi tunawashangilia."

Moffat aliutazama moto, akautazama mlima. Ubavu wa kusini miale ilikuwa ya chini, haifiki kiunoni, kwa kuwa upepo ulikuwa unausukuma moto mbele na si pembeni.

"Sawa," alisema. "Mimi na Tabia tunafungua mlango hapa ubavuni. Tunaulowesha, tunaukandamiza, nyinyi mnapita mnaingia kwenye weusi. Panda uwalete, Mama Héritière. Na ukisikia honi, usibembeleze mtu tena."

Jocelyne akapanda kwa njia ya ng'ombe inayozunguka bega la kusini. Hakukimbia, anayekimbia kupanda hufika hana sauti, naye alijua sauti ataihitaji. Juu aliwakuta wamepiga magoti kwenye nyasi kati ya mawe, macho wameyafumba, kila mmoja anaomba kwa sauti yake, na zote pamoja ni kama mvua juu ya mabati.

Hapo akakosea.

"Geukeni!" alipiga kelele. "Geukeni muone!"

Macho yakafumbwa zaidi. Mwanamke mmoja akajiziba masikio. "Usinirudishie kibali changu," alisema akilia. "Nimekiacha kule chini. Usinirudishie."

Mama Hélène peke yake alifungua jicho moja.

"Jocelyne! Na suruali mpaka huku?"

"Mama, nyasi zinawaka, zinakuja."

"Shetani naye ana njia zake za kutugeuza."

Jocelyne alisimama akashusha pumzi. Hakuwakasirikia. Ni watu wake. Na yeye mwaka jana angefumba macho vilevile. Akaona kwamba akiendelea kuwaomba jambo hilo moja wasiloweza kulitoa, watakaa pale mpaka mwisho. Akamwendea mchungaji, Marcellin, akapiga magoti kando yake, mdomo karibu na sikio.

"Pasta, siombi mgeuke. Naomba mnifuate. Kuna njia ya kulia inazunguka, tunashuka tukitazama mbele."

"Maman, amina bado."

"Tutaisemea chini. Vuta hewa, pasta. Hiyo harufu si ya kopo letu peke yake."

Marcellin alivuta hewa puani. Alikuwa mtu wa kunyoa nywele za watu siku sita za juma, hakuwa mjinga. Akafungua macho, akautazama uso wa Jocelyne uliojaa masizi, wala hakugeuka.

"Bila kugeuka?"

"Bila kugeuka."

"Hawatanisikia, maman. Wamezama."

Hilo Jocelyne alikuwa na dawa yake. Kila aliyewahi kusali kwao anajua: maombi ya sauti hayakatizwi kwa kelele, yanakatizwa kwa wimbo. Mtu akianzisha pambio, zile sauti zote huanguka moja moja na kuingia ndani yake. Akasimama, akapiga makofi, akaanzisha lile la kutembea wanaloliimba siku za ubatizo. Marcellin akadaka mstari wa pili kwa sauti yake nzito. Mmoja akaitikia, kisha watano, kisha wote wakawa wamesimama wakiyumba.

"Mkono kwenye bega la aliye mbele!" Jocelyne aliwaimbia, akiyaingiza maneno yake palepale kwenye pambio. "Vilemba vya nailoni chini! Vitenge vipandishwe magotini!"

"Magotini!" Mama Hélène alisema. Lakini alivipandisha.

Wakashuka mstari mmoja, wakiimba, Jocelyne mbele, mama mkwe nyuma yake, mchungaji mwisho. Honi ya pikapu ikalia chini. Hakuongeza mwendo. Njia ilikunja kulia, ikakunja tena, na kwenye mkunjo wa pili moto wote ukawa mbele ya macho yao, unapanda kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa. Wimbo ukakatika.

"Umetugeuza!" mtu alipiga kelele.

"Mimi natembea mbele," Jocelyne alijibu. "Njia ndiyo iliyogeuka. Imbeni!"

Mama Hélène alikuwa amesimama. Mbele yao Moffat alikuwa anamwaga maji na Tabia anakandamiza raba, na kati yao kulikuwa na nafasi ya kupita ng'ombe, yenye moshi, miale mifupi ikilamba kila upande. Nyuma ya nafasi hiyo ardhi nyeusi ilikuwa inafuka.

"Unatupeleka motoni," mama alisema. Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nakupitisha, mama, sikuachi humo. Kule kweupe ndiko moto unakokwenda. Pale peusi umeshapamaliza. Shika hapa." Akaushika mkono wa mama mkwe akautia kwenye mshipi wa ovaroli, kiunoni nyuma. "Fumba macho kama ulivyokuwa unaomba. Hatua ndefu."

Mkono ule ulikaza mpaka mshipi ukamkata tumbo. Jocelyne akaanzisha pambio tena, akaingia. Joto likampiga shavuni, moshi ukamnyang'anya neno moja, maji ya Moffat yakamwangukia mgongoni, na kiatu chake kikakanyaga majivu. Hakusimama mlangoni, alisonga mbele ili nyuma yake pawe na nafasi, mkono mmoja akiwaita.

"Njooni! Msisimame! Njooni, kaka, njoo!"

Wakapita mmoja baada ya mwingine, wengine wakiimba, wengine wakikohoa, yule wa kibali akiwa amebebwa na Tabia kama robota. Marcellin alipita wa mwisho, suti yake imetoboka mgongoni kwa cheche. Akaanza kuwahesabu watu wake kwa kidole, akarudia, akarudia tena, ndipo akatamka amina pale kwenye majivu, nao wakaiitikia kwa sauti iliyofika barabarani.

Juu, kwenye nyasi walikokuwa wamepiga magoti, moto uliwaka mara moja, ukaruka mawe.

"Maman," Marcellin alisema taratibu, "kopo lile ni letu."

"Ni letu, pasta. Na mimi ni wa kanisa hili. Tutalizungumza kesho, na tutalizungumza kweli. Leo upepo unaelekea Diepsloot, napungukiwa na watu wa kubeba maji."

Marcellin alilivua lile koti la suti la nailoni, akabaki na fulana ya pamba, akalifuata tangi. Vijana wawili na mama mmoja wakamfuata. Wengine Jocelyne aliwakalisha katikati ya weusi, akawakataza kuondoka hapo hata moshi ukiwaliza.

Mama Hélène alikuwa bado ameshika mshipi. Miguu yake ilikuwa myeusi mpaka magotini. Alimtazama mkwewe kuanzia kofia mpaka viatu, polepole, kama mtu anayekagua nguo mpya kabla ya kuipokea kwa fundi.

"Wenzako wanakuita," alisema, akauachia mshipi. "Nenda."

Jocelyne akachukua raba yake kwenye pikapu, akawapanga ukingoni mwa moto wale wa kikosi waliokuwa wamekwisha kufika. Waliusindikiza kutoka ubavuni, wakiupunguza upana kidogo kidogo, wakakikuta kichwa chake kwenye barabara ya vumbi iliyo nyuma ya vibanda vya mwisho. Hapo ukakosa pa kukanyaga, ukafa. Jioni hiyo Diepsloot walipika chakula chao kama Jumapili nyingine yoyote.