Ng'ombe Hawahesabiwi

Wiki iliyopita nilikuwa Manundu, Korogwe, kwenye khitma ya mama mdogo. Turubai limefungwa uani, pilau linaiva nyuma ya nyumba, na mimi nazunguka na birika la kunawisha watu mikono, macho makavu. Walionitazama walidhani nimejikaza. Sikujikaza, rafiki yangu, sikuwa na cha kukaza. Tangu nipigiwe simu kwamba amefariki nilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi: unajua ni wako, ila huusikii.

Mpwa wangu mmoja, kijana wa mjini, alipewa kazi ya kupakua chakula. Akaanza kunyoosha kidole juu ya vichwa vya watu waliokaa mkekani, ajue zitoke sahani ngapi. Bibi jirani akaushusha ule mkono taratibu. "Watu hawahesabiwi, mwanangu. Wewe toa tu sahani, zikipungua tutaongeza." Kijana akacheka, akaona ni mambo ya wazee. Mimi nilisimama na birika langu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikasikia harufu ya kitu: vumbi la Handeni, kiangazi, na samadi mbichi.

Likizo zangu zote za utoto nilipelekwa kwa bibi yangu, nje kidogo ya mji wa Handeni. Asubuhi tulikwenda kuchuma kunde, jioni tulikula bada, ule ugali wa muhogo, kwa mlenda, na katikati kulikuwa na maji ya kuchota lamboni na mahindi ya kupukuchua. Mwaka ninaousema, mama mdogo alikuwepo. Ndiye kitinda mimba wa bibi. Alikuwa amemaliza kidato cha sita na anangoja kwenda chuo kikuu kusoma hesabu, jambo ambalo pale kijijini hakuna aliyelielewa. Waliuliza, "Hesabu si alishazijua?"

Alizijua kweli. Tukipukuchua mahindi alinizuia nisianze mpaka nitazame mistari ya punje. Chukua gunzi lolote, aliniambia, mistari yake ni shufwa, haiwi witiri. Bibi akadakia kwamba Mungu ni mmoja na anapenda witiri, basi mahindi hayo yana kasoro. Mama mdogo alicheka mpaka akaegemea gunia. Lakini alipowaeleza wenzake aliocheza nao utotoni, ambao sasa walikuwa na watoto mgongoni, walimjibu "haya" na kuendelea kuzungumzia khanga. Walimpenda, sisemi hapana. Ila alirudi nyumbani na ile habari ya mahindi ikiwa bado mdomoni mwake, na mimi mtoto ndiye niliyemaliziwa. Upweke wake ulikuwa wa namna hiyo, wa kukosa wa kumwambia.

Bibi alikuwa na mwiko mmoja juu ya kipawa hicho. Chenye roho hakihesabiwi. Hukuruhusiwa kuhesabu wajukuu, wala vifaranga, kwa maana ukihesabu wanapungua. Mama mdogo akawa anahesabu mawe, miti, na nguzo za ua.

Kisha akaja yule kijana. Baba yake alikuwa mfugaji, mzee wa Kimasai aliyekuwa na boma ng'ambo ya lambo, na kijana ndiye aliyeleta ng'ombe kunywa maji. Jioni moja alisimama akiegemea fimbo yake, akalitazama kundi mara moja tu, akasema, "Sambu hayupo," akarudi porini kumtafuta. Mama mdogo aliacha ndoo yake ifurike.

Kesho yake alimuuliza alijuaje bila kuhesabu. Kijana akashangaa swali. Kila ng'ombe ana jina lake, alisema, nawataja moyoni, kila jina linamkuta mwenyewe, na jina linalobaki bila ng'ombe ndilo ninaloenda kulitafuta. Tukiwa njiani kurudi, ndoo kichwani, mama mdogo alinieleza kwa sauti ya mtu aliyeokota dhahabu kwamba hiyo ndiyo hesabu yenyewe, hesabu kabla ya namba, na kwamba yule hajakaa darasani hata kidogo. Nikajua amependa. Hata mtoto anajua mtu akianza kuchota maji ambayo mtungi haujayaomba.

Tulijifunza majina yote. Narok, Naibor, Sambu, na wenzao. Jioni aliyataja mama mdogo, kijana akamsikiliza kama mtu anayesifiwa watoto wake. Yeye naye alimletea mahindi, akamwonyesha mistari ya punje, akiwa ameshaikagua mwenyewe. Kwa mara ya kwanza nilimwona mama mdogo akiambiwa jambo alilolianzisha yeye.

Bibi hakuwa mgumu kama unavyodhani. Alitoa sharti moja, kijana asilimu, na kijana hakukataa. Ikabaki baba yake. Siku mzee alipokuja, bibi alitandika mkeka mpya na kuchemsha chai ya maziwa na tangawizi. Mzee alisalimia vizuri, akauliza habari za mvua, akainua kikombe. Kundi lake lilikuwa likipita nyuma ya nyumba kuelekea majini, kengele zikilia. Mama mdogo alilitupia jicho. Alikuwa na furaha, na alitaka kumfaa mkwe wake. Akasema, "Baba, leo wamepungua mmoja," na akaitaja idadi.

Majina alikuwa nayo yote moyoni, angeweza kuyapitia, akasema tu nani hayupo. Lakini siku ile kichwa kilitangulia.

Idadi ile naikumbuka mpaka leo, na sitakutajia.

Mzee aliweka kikombe chini. "Binti, nani amekutuma uhesabu ng'ombe yangu?" Hakufoka. Alimshukuru bibi kwa chai, akaondoka bila kuimaliza. Bibi alibaki ameshika sufuria, akaongea Kizigua peke yake, neno moja moja. Mama mdogo hakulia. Alikaa pale mkekani mpaka kuku wakaja kudonoa miguuni pake.

Labda lingesahaulika. Ila mvua za vuli hazikunyesha, lambo likakauka likabaki tope lililopasuka, na ng'ombe wakaanza kufa. Mimi leo najua ukame haumngoji mtu ahesabu. Lakini wakati ule watu walijua lilivyoanza, na sisi tulijua kwamba wanajua.

Kijana alikuja asubuhi moja kuaga. Walikuwa wanahama kuelekea Kilindi kutafuta majani. Alisimama nje ya ua, hakuingia.

"Baba amekataa," alisema.

"Na wewe?" mama mdogo akamuuliza.

Aligeuka akatazama njia. "Ng'ombe wametangulia," akasema, akawafuata.

Mama mdogo alikwenda chuo, akarudi kufundisha Korogwe, na nusu ya mji ule ilijifunza hesabu kwake. Hakuolewa. Nilipomtembelea alinipikia, akaniuliza habari za watoto wangu bila kuuliza wako wangapi, na la lamboni hatukuligusa.

Siku hizi nikipita Handeni silioni lile lambo. Limejaa udongo, juu yake watu wamejenga, na pa bibi pana banda la kuchajia simu. Mara ya mwisho nilitazama nikasubiri niumie, sikuumia.

Khitma ilipokwisha, yule bibi jirani alinisaidia kukusanya sahani. Akaniambia kwamba kila jioni mama mdogo alikaa pale kizingitini akinong'ona. "Nilidhani ni uradi," akasema, "lakini haikuwa Kiarabu. Narok, Naibor, Sambu. Anayataja mengi, polepole, kama anayewasubiri waitike. Mwisho anataja jina la mwanamume, anaingia ndani."

Alilitaja jina hilo. Nilikuwa sijalisikia tangu utotoni.

"Maneno gani yale, mwanangu?"

"Ni hesabu, bibi," nikamwambia.

"Aaa," akasema. "Alizipenda kweli."

Nikabeba sahani kwenda kuziosha, na maji yalikuwa ya moto, nikayasikia.