Kiboti cha Kubeba Mwani wa Bi Ashatu

Adila wa Mlingotini alisomea umeme Dar, kisha akarudi kijijini kutengeneza redio na pampu, watu wakasema kasoma bure. Hakuwajali. Alikuwa na lake moyoni: mama yake, Bi Ashatu, alikuwa akibeba mwani mbichi kichwani tangu Adila ananyonya, na sasa kiuno kimeanza kumgomea. Kuacha shamba lake la mwani baharini hataki hata kusikia. Basi Adila akakata shauri kuunda kiboti cha betri, kitakachoyaleta magunia pwani chenyewe bila nahodha.

Cha kwanza alikijaribu maji yamejaa, akakichorea njia iliyonyooka kwenye simu. Kikaenda, kikarudi, naye akatamba kijiji kizima. Bamvua lilipofika, siku za maji kupwa sana, maji yakatoka yakabaki ya magoti, kiboti kikavamia shamba la Saida jirani yao. Propela ikasokota kamba zinazofungiwa mwani na kung'oa vigingi vyake. Hebu fikiria, mtoto aliyekulia kwenye vigingi hivyo anavisahau kwa kuwa ramani haivionyeshi! Aibu ilimshika, akashinda akifunga upya kamba za Saida huku akitaniwa.

Alipoanza tena, aliondoa propela akaweka gurudumu la makafi ya kupigia maji kila ubavu. Njia nayo hakuichora. Alimfunga mama yake simu kiunoni, akamwomba aende shambani na kurudi kama kawaida, kwa vile vijia vya kati ya shamba na shamba ambavyo wanawake wanavijua kwa miguu. Simu ikavinasa, kiboti kikafundishwa. Bi Ashatu alikubali shingo upande, ila akasema wazi kwamba mwani wake hatalikabidhi dude lisilo na mtu.

Siku ya kuvuna kiuno kikamwamulia. Gunia la kwanza halikunyanyuka. Akalisukumia kwenye kiboti kwa hasira, akaongeza la pili, akabonyeza kitufe. Pwani, Adila alikuwa akingoja; mwani ule ukipotea, mama hatamwamini tena. Kiboti kikaja polepole, kikipinda pale pale anapopinda mama, kikalipitia pembeni shamba la Saida kwa adabu zote, kikagusa mchanga. Adila akakirukia kwa furaha, akaanza kushusha magunia.

Nyuma ya kiboti akaja Bi Ashatu. Pale kijijini mtu hatoki majini na mwani asipewe pole, na ulimi wa Adila umezoea.

"Pole na mzigo, mama."

Bi Ashatu akasimama, akaitazama mikono yake mitupu.

"Mzigo gani tena, mwanangu?"