Mkono wa Ndinda

Kuna samaki mdogo wa baharini, mfupi kuliko kidole, anayeishi shimo moja na uduvi. Uduvi haoni vizuri, lakini kuchimba anajua. Samaki anaona, lakini kuchimba hajui. Basi samaki husimama mlangoni, na uduvi akitoka kumwaga mchanga, sharubu yake haibanduki kwenye mkia wa mwenzake. Mkia ukitikisika, wote wawili hukimbilia ndani. Kiilu aliwaona Mombasa, kwenye tangi la kioo alilokuwa akilisafisha, akarudi Kanyangi na hadithi hiyo kumchumbia Ndinda. Ndinda akacheka, akaolewa. Maskini.

Kiilu akawa mchimbaji wa visima kwenye mto wa mchanga, ule ambao maji yake hujificha chini. Ugonjwa wa trakoma ulimla macho, naye akazidi kuchimba, kamba kiunoni, Ndinda akiishika juu na kuziangalia kuta za shimo. Mchanga ukianza kumomonyoka, aliitikisa kamba, Kiilu akapanda mbio. Hivyo ndivyo alivyopona miaka yote ile. Lakini mkono mwingine kwenye kamba hakuutaka. Hata mamake Ndinda alipozikwa Kilungu, Ndinda alikuwa ameshika kamba. Wapo wanaosema hayo ni mapenzi. Mimi sisemi.

Ukame wa 1984 ulipopamba moto, dada yake Ndinda alimtafutia kibanda cha mboga Emali. Ndinda alimfundisha wifi yake, Kalondu, kushika kamba, akafunga nguo zake kwenye leso, akaanza kupanda ukingo wa mto kwenda kungojea basi.

Kalondu alipoikaza kamba tu, Kiilu akapanda kutoka shimoni.

"Huyu si Ndinda," akasema. "Mkono yake naijua."

Akaketi mchangani, akakunja mikono. Kazi imekwisha.

Wanawake waliopanga foleni na mitungi mitupu hawakumlaumu Kiilu. Walimgeukia Ndinda.

"Mama Mbinya, rudi tu," wakamsihi. "Watoto hawajakunywa tangu jana. Utaenda siku ingine."

Siku nyingine! Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Akarudi. Akaweka furushi chini, akaipokea kamba. Kiilu akashuka akiimba wimbo wa kanisani. Kule barabarani basi likapiga honi, likaondoka. Ndinda alilia, machozi yakimchirizika hadi kidevuni, ila mabega aliyakaza yasisogee hata kidogo, maana kamba ingetikisika na Kiilu angepanda juu, na maji yalikuwa yameanza kuonekana.