Chungu cha Mdomo Mpana

Kaka yangu hakuwahi kufanya kitu kama watu wengine, na hata kufa alitaka kufa kivyake. Alimwambia mkewe kule Nairobi kwamba siku yake ikifika asizikwe, achomwe. Mkewe hakuwahi kuwa na ujasiri wa kumbishia akiwa hai, na hakuupata alipokufa. Kwa hiyo msimu wa kupanda mahindi kaka alirudi kwetu Ndalu akiwa ndani ya kopo jeusi la plastiki, limefungwa kwenye leso.

Nilimkasirikia sana, na marehemu hagombezwi. Kwetu maiti hufikishwa nyumbani, hufunuliwa uso, watu wakapita kumtazama, na mama mzazi humgusa. Hapo ndipo kilio huanza. Mama alilitazama lile kopo mezani akauliza mwanawe yuko wapi. Tulipomwonyesha, alikwenda zake jikoni kuchambua maharagwe. Hakulia siku hiyo wala iliyofuata, na hilo ndilo lililotutisha, kwa sababu Mama aliwahi kulia hata ng'ombe wa jirani alipokufa.

Wazee wa ukoo waliamua kaburi lichimbwe refu, la mtu mzima, ili ukoo usisemwe. Mama alisema jambo moja tu: mwanawe hatazikwa ndani ya kopo kama mafuta ya kujipaka. Nikatumwa Kitale, ninakoishi, nikatafute chombo cha heshima.

Fundi wa majeneza pale karibu na mtaa wa Tuwan alinisikiliza vizuri, kisha akaniletea jeneza jeupe la mtoto mchanga. Nilimwambia kaka yangu alikuwa na mvi na kitambi. Akasema basi, hana namna. Katika maduka ya vyombo niliona hotipoti zenye maua, chupa za chai na mabakuli ya kioo. Muuzaji mmoja aliniuliza nataka chombo cha kuweka nini. Nikasema sukari, maana ningesema ukweli angeita wenzake waje wasikie. Akanisifia bakuli moja kwamba sisimizi hawaingii hata wakifanya mkutano. Nilitoka nikicheka peke yangu, halafu nikaegemea ukuta wa duka nikalia, kwa sababu hadithi ile kaka angeipenda kuliko mtu yeyote.

Nilirudi mikono mitupu. Mama akavaa viatu vyake vya kanisani, akasema twende soko la Kiminini.

Kwa muuza vyungu aliinua kimoja baada ya kingine, akakigonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza kama kina ufa, vile alivyofanya maisha yake yote. Kisha alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona: alitumbukiza mkono ndani. Ulipokwama kiganjani, alikirudisha chungu chini. Mimi nilikuwa nimekwisha kupenda kimoja chenye shingo nyembamba na nakshi, nikamwambia tuchukue hicho, hata kifuniko chake kinakaa sawasawa. Akainua kingine.

Muuzaji, mwanamke wa makamo aliyevifinyanga mwenyewe, akauliza, "Mama, unataka ya kupika ama ya pombe ya busaa?"

"Nataka ya kijana yangu kurara," Mama akasema. "Walimchoma huko Nairobi. Nipatie yenye mkono yangu inaingia."

Yule mwanamke alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Alikwenda nyuma akatoa chungu cha kupikia mboga, kinene, chenye mdomo mpana na doa jeusi la moto ubavuni. Kwangu kilikuwa kibaya. Mkono wa Mama uliingia mpaka kiwiko. Akakibeba mwenyewe, mimi nikaachiwa mkoba.

Nyumbani mke wa kaka alifungua kopo, akamimina polepole. Nilidhani yangekuwa majivu laini kama ya jikoni, kumbe yalikuwa mazito, yenye chengachenga kama mchanga wa mtoni. Wazee waligeuka, wakajifanya wanazungumzia mvua. Mama aliketi chini akanyoosha miguu, akakipakata chungu, akakunja mkono wa gauni. Ndipo nilipoelewa tulichokwenda kukitafuta Kiminini, na nikaona aibu kwa ile shingo yenye nakshi.

Aliingiza mkono. Tuliuona ukizunguka humo ndani taratibu, ukitafuta, kisha ukatulia. Halafu akamwita kwa jina la utotoni, ambalo hakuna aliyelitumia tangu atahiriwe, akamwambia kwa lugha yetu kwamba amefika nyumbani.

Kisha Mama akalia. Majirani waliokuwa wakingoja uani wakampokea kwa sauti, na hapo tukaweza kumzika.